Jicho Linalokimbilia Nje: Maneno kwa Wazazi na Walimu kuhusu Upasuaji wa Makengeza

(Hotuba ya daktari wa upasuaji wa macho ya watoto mbele ya wazazi na walimu wa shule ya msingi, Tanga)

Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, walimu, wazazi na walezi: assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mlioketi safu ya mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie makengeza, na Mwalimu Mkuu kanipa saa nzima, jambo la hatari kumfanyia daktari. Nitajibana kwenye aina moja: makengeza ya nje, pale jicho moja linapotazama mbele na mwenzake likakimbilia upande wa sikio. Yale ya ndani, jicho linapoelekea puani, yana mambo yake, na mengine hunyooka kwa miwani tu bila kisu. Hayo siku nyingine, Mungu akipenda.

Nimechagua haya ya nje kwa sababu ndiyo yanayomdanganya daktari. Mama anatoka Muheza alfajiri na mtoto wake wa miaka minne. Mtoto kaogeshwa, kapakwa mafuta, kavaa viatu vya sikukuu, na akiniona na koti langu jeupe anatoa macho kwa hofu. Macho yote mawili yamenikazia mimi, yamenyooka sawasawa. Mama anasema, "Daktari, jana jioni jicho lilikuwa huku kabisa." Namulika tochi, vinukta viwili vya mwanga vinakaa katikati ya mboni zote mbili. Wapo wahudumu watakaomwambia, "Mama, mtoto wako mzima, nenda nyumbani." Mama anapanda basi kurudi akijiona mzushi.

Mama si mzushi. Kwa watoto wengi makengeza ya nje huanza kwa kuja na kuondoka. Ubongo ndio unaoyashika macho yaende pamoja, na kuyashika huko ni kazi. Mtoto akiwa amechangamka, au ana woga, kazi inafanyika. Akichoka, akiwa na homa, akianza kusinzia, akizubaa dirishani anatazama mbali, mshiko unalegea na jicho linatoka. Kwa hiyo saa nne asubuhi mbele yangu ni saa mbaya sana ya kulitafuta. Ukweli wenyewe unaonekana kwenu nyumbani, saa moja usiku, mtoto akisubiri wali uive.

Ndiyo maana leo nimewafuata badala ya kungoja mnifuate. Katika makengeza haya, uamuzi wa kupasua au kutopasua unategemea mlichokiona nyinyi kuliko nilichokiona mimi. Mkija mikono mitupu, nakisia. Mkija na habari, napanga.

Habari gani? Tuanze na jua, na hapa nawasemesha walimu. Mstari wa asubuhi mnaufahamu: watoto wamesimama uwanjani, wimbo wa Taifa unaimbwa, jua linawapiga usoni. Karibu wote watakunja uso. Lakini atakuwepo mmoja anayefumba jicho moja tu, na kila siku ni lilelile. Huyo niandikieni jina lake. Mtoto mwenye makengeza ya nje hufumba jicho moja kwenye mwanga mkali, na wakati mwingine watu huiona dalili hiyo kabla hawajaliona jicho lenyewe likitoka. Nimewahi kusikia mtoto wa namna hiyo akiadhibiwa kwa kumkonyezea mwalimu. Hakuwa anakonyeza.

Wazazi, nyinyi nawataka mniambie jicho likishatoka linarudije. Akipepesa kope linarudi lenyewe? Linangoja umwite jina? Au hata ukimwita linabaki hukohuko? Na je, mwaka jana lilikuwa linatoka siku za homa tu na sasa linatoka kila jioni? Hili la mwisho lina uzito kuliko yote, maana makengeza yanayopoteza mshiko mwezi hadi mwezi ndiyo yananipeleka chumba cha upasuaji. Simu zenu zitumieni. Mchukue video ya nusu dakika jioni, mtoto akitazama kitu cha mbali, na msimwite "angalia huku", kwa sababu mkimwita mtapata jicho lililonyooka kama ninavyolipata mimi kliniki. Video hiyo inanisaidia kuliko barua ya rufaa ya kurasa mbili.

Wenye vichanga msiwe na haraka. Katika miezi mitatu ya mwanzo macho ya mtoto hutangatanga, na kutoka nje kidogo kunaonekana sana. Likiendelea baada ya miezi minne, mleteni. Na jicho ambalo halirudi kabisa, liko nje asubuhi mpaka usiku kwa mtoto mchanga, mleteni bila kungoja mwezi, kwa sababu kwa mtoto wa umri huo huenda kuna tatizo la ubongo au la jicho lenyewe nyuma yake.

Hapo nisimame kidogo, kwa kuwa ni mahali ambapo kuchelewa kunaua. Jicho lisiloona huwa halina sababu ya kushikamana na mwenzake, na baada ya muda linakwenda nje. Lisiloona kwa nini? Laweza kuwa na mtoto wa jicho. Laweza kuwa na kovu. Na laweza kuwa na saratani ya retina, yaani ya utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ile inayowapata watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka mitano. Dalili yake inayojulikana ni mboni kung'aa weupe, mara nyingi kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi: jicho moja jekundu, jingine jeupe. Dalili inayofuata ni makengeza. Kwa hiyo nasema bila kuuma maneno: daktari anayepima makengeza ya mtoto bila kumtia dawa ya kupanua mboni na kutazama mpaka nyuma ya jicho, hajampima. Ombeni. Mkiambiwa hapo hakuna vifaa, ombeni rufaa. Hospitali za CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi zinahudumia macho ya watoto, na kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, Kenya, kuna hospitali ya Kikuyu. Na tafadhali, maji ya majani yasitiwe jichoni. Makengeza hayanyooki kwa majani, na kidonda cha jicho kinaacha kovu.

Sasa tuseme mtoto amepimwa, anaona vizuri macho yote, nyuma ya jicho ni salama, na kilichobaki ni makengeza yenyewe. Tupasue leo? Wazazi wengi hutaka leo. Wengine hawataki kabisa, wanasema atakua yataisha. Wote naomba wakae. Marekani walifuatilia watoto wa kati ya miaka 3 na 10 wenye makengeza ya nje ya kuja na kuondoka, bila matibabu yoyote, kwa miaka 3. Ambao makengeza yao yalizidi kuwa mabaya katika muda huo walikuwa takriban 15 kwa kila 100. Kwa hiyo mtoto ambaye jicho linatoka mara moja moja na linarudi akipepesa, kumpa miwani kama anaihitaji na kumfuatilia kila baada ya miezi michache ni matibabu halali, si uvivu wa daktari. Kumziba jicho moja kwa saa chache kila siku husaidia baadhi yao. Lakini jicho linalotoka zaidi ya nusu ya siku, au linalozidi kukaa nje kila tunapompima, au mtoto anayeanza kupoteza uwezo wa kupima kina kwa macho mawili, huyo sitaki kumngoja mpaka ubongo wake uzoee kulipuuza lile jicho.

Basi kisu. Kila jicho lina misuli 6 ya kulizungusha. Ya kesi yetu ni miwili: wa ndani unaolivuta kuelekea puani, na wa nje unaolivuta kuelekea sikioni. Hapa Tanga nikisema demani mnanielewa: nahodha akiachia kamba ile, tanga linalegea; akiikaza, linajaa. Ndivyo tunavyofanya. Msuli wa nje tunaulegeza kwa kuuhamishia nyuma, au wa ndani tunaukaza kwa kuufupisha. Mara nyingi tunafanya moja kati ya mawili: kulegeza misuli ya nje ya macho yote mawili, au kulegeza wa nje na kukaza wa ndani kwenye jicho moja. Wazazi wanashtuka nikisema nitagusa na lile jicho zima lisilotoka. Makengeza ni ya macho mawili kutokwenda pamoja, hata kama linaloonekana kutoka ni moja.

Njia ipi bora? Kina baba hupenda kuniuliza hivyo. Wamarekani walizipambanisha, na mwaka 2019 wakachapisha matokeo ya watoto 197: baada ya miaka 3, ambao matokeo yao hayakuridhisha walikuwa 46 kwa 100 kwa njia ya kwanza na 37 kwa 100 kwa njia ya pili, na tofauti hiyo kitakwimu haikutosha kusema ipi imeshinda. Mimi nachagua kwa kumtazama mtoto mwenyewe. Lakini zitazameni hizo namba upande mwingine, maana hakuna atakayewaambia mitaani: upasuaji huu unaweza kufanyika vizuri kabisa na jicho likarudi kutoka. Ukikubali operesheni, kubali ukijua hilo.

Vipimo ndivyo roho ya kazi. Makengeza tunayapima kwa vioo vya pembetatu, prizimu. Prizimu 1 hupinda mwanga sentimita 1 kwenye umbali wa mita 1. Tunaziba jicho hili, tunazibua, tunaziba lile, tunabadilisha kioo mpaka macho yaache kuruka. Mtoto analia, anataka biskuti, tunaanza upya. Hesabu ikipatikana ndiyo inayosema msuli uhame kiasi gani: kwenye majedwali yanayotumika sana, makengeza ya prizimu 15 yanataka kila msuli wa nje urudishwe nyuma milimita 4, ya 25 milimita 6, ya 40 milimita 8. Shikeni rula ya mtoto wenu mtazame milimita 2 zilivyo. Ndizo zinazotenganisha makengeza ya wastani na yale anayoyaona kila mtu sokoni. Ndiyo maana napima zaidi ya mara moja, siku tofauti, kabla sijakubali tarehe.

Siku yenyewe mtoto anapewa nusu kaputi. Asile chochote kwa saa 6 kabla. Maji matupu yanaruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Chai ya maziwa ni chakula. Nairudia kwa ajili ya mabibi, ambao huwa hawawezi kuvumilia mjukuu alie njaa: chai ya maziwa ni chakula, na kikombe kimoja kinaahirisha operesheni. Mafua mazito na kikohozi pia vinaahirisha, wala msifiche.

Na jicho halitolewi. Naapa mbele ya Mwenyekiti, hatulichomoi jicho tukaliweka mezani tukalirudisha. Liko palepale kwenye tundu lake. Tunazishika kope kwa kibanio, tunakata tundu dogo kwenye utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, tunaingiza ndoano butu na kuuinua msuli. Msuli wa nje umeshikana na jicho karibu milimita 7 kutoka ukingo wa duara la rangi. Tunaufunga uzi mwembamba kama unywele wa singa, tunaukata pale uliposhikana, tunapima kwa bikari, tunaushona pale hesabu iliposema. Ukuta wa jicho mahali pale ni mwembamba ajabu, kama theluthi moja ya milimita, kwa hiyo sindano inapita ndani ya ukuta bila kuutoboa. Kuutoboa hutokea mara chache, nami huwaambia wazazi kabla ya kuweka sahihi.

Kitu kimoja kingependeza mkisikie kwa masikio yenu. Chumbani kuna mashine inayolia kwa kila pigo la moyo wa mtoto. Nikiuvuta msuli, ile sauti inaweza kupungua ghafla: ti… ti… ti. Mtaalamu wa usingizi anasema neno moja, "Achia." Naachia ndoano, moyo unarudi mbio zake, naendelea polepole, au anampa dawa kwanza. Njia ya neva kutoka jichoni hadi moyoni ilielezwa tangu 1908, na ndiyo sababu sikubali kufanya kazi hii bila mtu makini kichwani pa mtoto. Mzazi akiniuliza aulize nini hospitali, mimi humwambia aulize habari za mtu wa usingizi kabla ya kuuliza habari zangu.

Haikuwa hivi tangu zamani. Upasuaji wa kwanza wa makengeza uliofaulu ulifanywa Berlin na Johann Friedrich Dieffenbach tarehe 26 Oktoba 1839, kwa mvulana wa miaka 7 mwenye makengeza ya ndani. Nusu kaputi ya etha ilikuwa bado, ilikuja 1846. Walimshikilia. Dieffenbach aliukata msuli wa ndani na kuuacha, bila kuushona popote. Habari zikaenea Ulaya nzima, kila mwenye kisu akawa anakata, na baada ya miaka kadhaa macho mengi yaliyokatwa hivyo yakavuka mstari yakaenda nje. Yaani makengeza ya nje ya kundi zima la watu yalitengenezwa na madaktari. Mpaka leo tunawapokea watu waliopasuliwa makengeza ya ndani utotoni na sasa jicho limegeukia nje. Hao pia hupasuliwa tena, na ni kazi ngumu kwa sababu ya makovu. Mwaka 1922 daktari wa macho Jameson alipoeleza namna ya kuushona msuli ukutani mwa jicho mahali palipopimwa, ndipo kazi hii ilipoanza kuwa ya hesabu. Hata ile sindano wanayochoma matajiri kuondoa makunyanzi, Botox, iliidhinishwa Marekani 1989 kwa ajili ya makengeza na mtetemo wa kope. Makunyanzi yalidandia baadaye.

Turudi kwa mtoto. Ataamka jicho jekundu sana, na wekundu utakaa wiki kadhaa. Anaweza kutapika siku ya kwanza. Maumivu ni ya siku mbili tatu, panadol inatosha wengi. Nyuzi zinayeyuka zenyewe. Matone mtapewa, wiki mbili asiogelee baharini wala asicheze vumbini, ingawa najua kumzuia mtoto wa Tanga asiende baharini ni kazi kuliko yangu. Shule anaweza kurudi baada ya kama wiki moja.

Na hili msishangae: siku za mwanzo jicho linaweza kuonekana limeingia ndani kidogo, na mtoto akasema anaona walimu wawili. Mara nyingi tumekusudia. Misuli hii ina tabia ya kurudi nje kadiri wiki zinavyokwenda, kwa hiyo tunaizidishia kidogo mwanzoni. Likibaki ndani baada ya wiki chache, nataka kujua. Ile video ya jioni endeleeni nayo hata baada ya operesheni, kwa sababu likianza kutoka tena litatokea saa zilezile za uchovu, na nyinyi mtaliona kabla yangu.

Watu wazima, najua mmo humu, mnaofumba jicho mkipigwa picha. Hakuna umri unaozuia. Hatuiti urembo, hata kama bima nyingine zinapenda kuiita hivyo ili zisilipe. Kwa mtu mzima tunajaribu prizimu kwanza, kuona kama akinyooshwa ataona vitu viwili viwili. Dereva nitamwambia kwamba eneo analoliona pembeni litapungua kidogo upande wa lile jicho. Mwenye jicho lisiloona nitampasua lilelile bovu, nisiguse zima, na nitamwambia mara mbili kwamba litanyooka na halitaona. Ila jicho la mtu mzima likigeuka nje ghafla, kope ikaanguka, na kichwa kinauma, asije kliniki ya Jumatano. Aende dharura usiku huohuo, ni ubongo unaoita.

Nimemaliza. Muuguzi yuko darasa la pili pale upande wa mwembeni na tochi yake, ataanza na watoto wa awali. Wenye video zitafuteni kwenye simu sasa hivi, msinitafutie mbele ya mlango. Na maswali: tuanze na yule mama wa nyuma mwenye mtandio wa kijani, alinyanyua mkono tangu nilipotaja chai ya maziwa.